Maoni Yangu Juu ya Mke wa Nahodha

Watu wa kwetu bado wanasema nilivunja uchumba kwa sababu ya kitabu cha roketi. Wacha waseme. Nimeishi na maneno hayo tangu nikiwa msichana wa miaka ishirini hivi, mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Nyeri, na sasa nina wajukuu wanaoyasikia kwa majirani na kuja kuniuliza kama ni kweli. Nawaambia ni kweli nusu. Kitabu kilikuwepo, na maoni niliyotoa juu yake niliyatoa nimesimama, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, na sijayarudisha mpaka leo.

Kitabu chenyewe kilifika Nyeri kwa makosa. Palikuwa na Mhindi mmoja mwenye duka la vifaa vya shule, mtu mpole aliyevaa sweta ile ile mwaka mzima kwa ajili ya baridi ya mlima. Aliagiza vitabu vya hesabu, akaletewa katoni nzima ya riwaya moja ya Kiingereza yenye picha ya chombo cha fedha kikipita kati ya majua mawili. Kurudisha kungemsumbua, kwa hiyo alituuzia sisi wasomaji wa Jumamosi kwa bei ya kuondoa mzigo dukani. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wetu.

Tulikuwa chama kidogo cha walimu na makarani, pamoja na mpaka dawa wa hospitali, yaani mfunga vidonda, na tulikutana Jumamosi mchana katika chumba cha kando ya ukumbi wa mji. Mwanamke nilikuwa peke yangu, baada ya muuguzi mmoja kuhamishiwa Timau. Mwenyekiti wetu alikuwa mkalimani wa mahakama. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kusimama kati ya hakimu na mshtakiwa, akigeuza maneno ya huyu yamfikie yule, na kazi hiyo ilikuwa imemwingia kwenye mifupa. Alituendesha kama kesi. Kila msomaji alisimama akatoa maoni yake, hakuna aliyeruhusiwa kumkatiza, na mwisho mwenyekiti alitoa uamuzi. Alikuwa pia mzee wa kanisa, na zaidi ya hayo alikuwa baba wa mchumba wangu.

Huyo mchumba nilimpenda. Naliweka hilo wazi hapa kwa sababu waongo wamelifuta katika hadithi yao. Alikuwa na kicheko cha kuanza polepole, na alikuwa ananisikiliza nikizungumza bila kutafuta mahali pa kuingilia. Lakini alikuwa ng'ambo akisomea uhandisi, na miaka iliyobaki ilikuwa mingi kuliko aliyoimaliza. Wazee wa pande zote mbili walikubaliana kwamba mambo yasimngoje. Mbuzi wa kwanza wa ruracio, yaani mahari yetu, walikuwa wamekwisha fika kwa baba. Ilibaki siku ya uji, kisha ningehamia kwa mama yake karibu na Kutus, nimpikie, nimlimie, na kumngojea mume huko.

Siku ya uji ni hivi. Zamani wazee waliletewa pombe, na kabla hawajaigusa msichana aliulizwa mbele ya watu wote: tunywe au tusinywe? Akionja yeye kwanza na kumpa baba yake, amekubali, na kuanzia hapo ni mke wa watu. Sisi tuliokuwa wa kanisa tuliacha pombe tukaweka uji uliochacha, lakini swali lilibaki lile lile, na onjo lilibaki lile lile. Bwana harusi si lazima awepo. Msichana ndiye lazima awepo.

Sasa kitabu. Mtunzi alisema katika utangulizi kwamba ameutoa mfupa wa hadithi yake katika utenzi wa kale wa Wayunani, akauvisha nyama ya siku zijazo. Nahodha anatoka kwenye vita katika sayari ya mbali, chombo chake kinapotea njia, na miaka inapita akiangukia dunia hii na ile. Katika dunia moja anakaa miaka na malkia wa hapo, na kitabu kinatuambia alikuwa na huzuni. Nyumbani, kwenye mji uliojengwa juu ya mwezi, mkewe anasumbuliwa na wakubwa wanaotaka kumwoa ili washike mtambo wa maji. Anawaambia atachagua mmoja wao mtambo ukishatengenezwa, na kila wanapogeuka anauharibu tena kwa mkono wake. Mwisho nahodha anarudi, anawaua wakubwa wote, na mke analia kwa furaha.

Tuliusoma ule mzigo kwa wiki kadhaa, kisha Jumamosi ya hukumu ikafika. Mpaka dawa alisimama akasema kitabu ni uongo kwa kuwa mwezini hakuna hewa, akaketi, akidhani amemaliza kesi. Mwalimu wa historia alitueleza habari za Wayunani mpaka tukasinzia. Kisha akasimama mwenye duka. Alikuwa amekasirika, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

"Hii kapteni nakwenda na vijana mingi," alisema. "Narudi peke yake. Sasa mama ya hawa vijana iko wapi? Kwa nini hapana kuja kuuliza yeye?"

Hakuna aliyecheka Kiswahili chake. Katika chumba kile hapakuwa na mtu ambaye hakumjua kijana mmoja aliyeingia msituni kupigania uhuru na ambaye hakurudi. Mwenyekiti alikohoa, akaandika kitu, akasema tuendelee.

Waliobaki waliimba wimbo mmoja: kwamba shujaa wa kweli wa kitabu ni mke, kwa kuwa alingoja. Mmoja akasema subira huvuta heri. Mwingine akasema wasichana wa siku hizi wasome ukurasa ule wa mwisho kila asubuhi pamoja na Biblia. Mwenyekiti alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, na mara mbili tatu aliniangalia kama mtu anayeangalia shamba lake likipata mvua. Hasira ilinipanda kuanzia miguuni.

Zamu yangu ilipofika nilisimama na kusema kwamba mke yule si shujaa, ni mfungwa aliyesifiwa. Nilisema ana akili kuliko watu wote wa kitabu, anaujua mtambo wa maji kuliko mafundi, na mtunzi amemwacha autumie ujuzi wote huo kuharibu kazi yake mwenyewe. Nilisema hakuna mahali popote katika kitabu kizima ambapo mtu anamuuliza kama anataka kungoja. Nahodha hakumuuliza alipoondoka, mtunzi hakumuuliza, na sisi wasomaji tunampigia makofi bila kumuuliza. Nikamaliza kwa kusema kama ningekuwa yeye ningeutengeneza mtambo, nikauendesha, na nahodha akirudi angenikuta au asingenikuta.

Nikaketi. Mwenyekiti hakutoa uamuzi siku hiyo. Alifunga kitabu chake, akasema mkutano umeahirishwa, akatoka bila kuniaga, na nikaona wenzangu wakiangaliana. Wote walijua mwanawe yuko wapi.

Mdomo uliniponza, hilo sikatai. Maneno yangu yalifika soko la Karatina kabla sijafika nyumbani, nadhani, na huko sokoni yalivua nguo za roketi. Mpaka dawa alimsimulia mkewe, mkewe akawasimulia wauza viazi, na viazi havijui mambo ya sayari. Kilichobaki kilikuwa hiki: yule mwalimu, binti ya fulani, amesema mwanamke aliyemngoja mume wake wakati wa vita ni mjinga. Sasa katika kilima chetu utamtafuta wapi mwanamke mtu mzima ambaye mume wake hakuwa msituni au kizuizini wakati wa hali ya hatari? Kila mmoja alijua ni yeye aliyesemwa. Mwanamke mmoja aliacha kuniamkia. Mwingine alimwondoa mtoto wake darasani kwangu.

Jumapili iliyofuata akina mama wa kanisa waliniita baada ya ibada. Waliketi kwenye benchi chini ya ukuta wa kanisa na vitambaa vyao vyeupe kichwani, na mama yangu mzazi alikuwa kati yao, mkono umeshika jalada la Biblia yake kama mtu aliyeketi mbele ya daktari. Waliniambia niombe msamaha. Nikajibu kwa adabu kwamba sikumsema mtu yeyote wa Nyeri, nilimsema mwanamke wa kitabu anayeishi mwezini.

Kiongozi wao, mama mkubwa wa mwili na wa sauti, alifikiri kidogo.

"Na huyo wa mwezini, bwana yake alikuwa amepelekwa na nini?"

"Na vita, mama."

"Ati vita. Na watu walikuwa wanataka kumnyang'anya vitu vyake?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ni sisi," alisema, na wenzake wakaitikia.

Nilikataa kuomba msamaha. Niliwaambia nawaheshimu wao kuliko ninavyomheshimu yule mtunzi, na ndiyo maana niliyasema niliyoyasema. Hawakunielewa, au walinielewa na hawakupenda. Tulitembea hadi nyumbani, mama mbele mimi nyuma, na tulipofika langoni alisema jambo moja tu: nilete hicho kitabu nimsomee.

Ulikuwa msimu wa kahawa. Kabla ya kupeleka kiwandani ilibidi tuimwage kwenye magunia uani na kutenga nyekundu na mbichi, kwa sababu kiwandani wakiona mbichi nyingi wanakurudisha nazo. Kila jioni nikitoka shule tuliketi hapo, jua likiwa bado juu ya migomba, mama akichagua na mimi nikisoma, nikiugeuza Kiingereza kuwa Kikuyu kadiri nilivyoweza. Baba alikuwa kwenye kigoda kando akichonga mpini wa jembe, na tulijua anasikiliza kwa kuwa mpini ule ulichukua muda mrefu kuliko mpini wowote aliowahi kuchonga.

Mama alikuwa msomaji mgumu kuliko Jumamosi yote ikiwekwa pamoja. Alitaka kujua mke wa nahodha anakula nini huko mwezini, na nani anapika. Alitaka kujua mama mkwe yuko wapi, maana nyumba haikosi mama mkwe. Nilipofika kwa malkia wa ile dunia nyingine aliniambia nisome tena, polepole, kisha akasema, "Huzuni ya miaka saba, na anakula kwa meza yake," akarusha buni mbichi mbali zaidi ya ilivyohitajika. Nahodha aliporudi na kuanza kumsimulia mkewe safari yake yote, kurasa nyingi, baba aliweka kisu chini.

"Huyo hakutoka mbali," alisema. "Mtu aliyetoka mbali hivyo hasimulii hivyo."

Baba alikuwa amekaa kizuizini miaka mingi, na katika maisha yangu yote sikumsikia akisimulia hata siku moja ya miaka hiyo. Akaokota kisu akaendelea kuchonga.

Kitabu kilipokwisha nilimuuliza mama maoni yake. Alisema kazi imemalizika, tubebe magunia. Nilikuwa nimetumaini atasema niko sahihi, na nilikasirika hata sikumsaidia vizuri kubeba. Siku chache baadaye aliniambia bila kuniangalia kwamba kijana ni mzuri, familia ni nzuri, mbuzi wamekwisha fika, na kwamba siku ya uji nitavaa gauni la bluu. Kwa hiyo na yeye alikuwa upande wao. Nililia siku hiyo, nasema wazi, nililia shuleni ndani ya stoo ya chaki.

Ndipo mwenyekiti alipokuja kuniona pale shuleni. Alikuja na kofia mkononi, na alizungumza kwa upole wa mahakamani, ule wa kumweleza mshtakiwa kwamba mambo yanaweza kuwa mepesi. Alisema kijana wake hajui lolote juu ya habari hii na hana haja ya kujua. Kilichotakiwa ni kidogo: Jumamosi inayofuata nisimame mbele ya chama na kuifuta kauli yangu. Nikisema nilikielewa vibaya kitabu, akina mama watatulia, mama yake kijana atanipokea kwa moyo mmoja, na uji utanyweka kwa amani. Nisipoifuta, watu wa Kutus watauliza ni mke wa namna gani wanapelekewa.

Nilimwambia nimekisoma kitabu mara mbili, mara moja kwa Kiingereza na mara moja kwa Kikuyu, na mara zote mbili kilisema vile vile. Akavaa kofia.

Jumamosi hiyo sikwenda kwenye chama. Nilipita dukani kununua kalamu nyekundu, na yule Mhindi, ambaye habari zote zilikuwa zimemfikia, alizifunga kalamu kwenye karatasi kwa muda mrefu. "Mwalimu," alisema, "kitabu umenunua. Maoni iko yako." Nikamshukuru kwa kalamu.

Wageni walikuja siku ya uji wakiwa wengi, wakiimba tangu barabarani. Wetu waliwaimbia langoni kama kawaida, wakawazuia, wakawatania, wakawafungulia. Shangazi yangu alikuwa ametoka Kangari na majani ya chai mabichi bado yamemkwama kwenye sweta. Akina mama wa kanisa walikuwepo wote, hata yule aliyeacha kuniamkia. Sufuria kubwa ya uji iliwekwa katikati ya uwanja, na kando yake kata ya kibuyu iliyooshwa ikameta.

Mimi katika gauni la bluu nilitolewa nyumbani na kusimamishwa mbele yao. Baba mdogo, msemaji wa upande wetu, alichota uji akanipa kata mikononi. Ilikuwa ya moto kidogo. Akaniuliza kama wanavyoulizwa wasichana wote: "Mwari, hawa watu wameleta maneno yao. Huu uji tunywe ama tusinywe?"

Sikuwa nimepanga hotuba. Wanaosema nilikariri wanadanganya. Niliangalia uso wa baba wa mchumba wangu na kumwona tayari ameandaa tabasamu.

"Msinywe leo," nilisema. "Mwenye kuoa yuko mbali. Akirudi aje mwenyewe aniulize. Akinikuta, nitamjibu."

Mtu wa Kutus aliyeketi mwisho wa benchi, mzee asiyesikia vizuri, alimuuliza jirani yake msichana amesemaje, na mkalimani, ambaye maisha yake yote alikuwa amewatafsiria wengine, akamjibu kabla ya jirani: "Amekataa." Nikamwambia sikukataa. Nimesema aje. Alinipita kwa macho kama kiti, akamgeukia mama yangu.

"Mama," alisema, kwa heshima yote, "wewe ulimngoja bwana yako. Kila mtu hapa anajua. Mwambie huyu mtoto."

Mama alikuwa ameketi kati ya akina mama wa kanisa. Alisimama taratibu, akafunga kitambaa chake vizuri. Nilijua atasema nini, na nilikuwa nimekaza shingo kuyapokea.

"Mimi sikungoja mtu," alisema. "Kungoja ni kazi ya mtu ameketi. Askari walimchukua huyu mzee asubuhi, na mchana nilikuwa nachimba handaki yao kwa lazima, na huyu msichana alikuwa kwa mgongo. Kama kuna mtu angekuja aniulize, mama, tumchukue ama tumwache, ningemjibu. Hakuna mtu aliniuliza. Aliporudi, akarudi. Hiyo mnaiita kungoja, ni nyinyi mnaiita hivyo." Akaninyooshea kidole. "Sasa huyu ameulizwa na akajibu. Mbona mnaniangalia mimi?"

Baba yangu aliinamisha kichwa akaangalia mikono yake. Kiongozi wa akina mama, yule mwenye sauti, alisema neno moja kwa Kikuyu, polepole, lile tunalosema kanisani mtu akimaliza kuomba, na mwenzake akalirudia.

Mama alikuja akaichukua kata mikononi mwangu, akaumimina uji ndani ya sufuria, akaifunika. Akaiinua mwenyewe, nzito ilivyokuwa, akaiondoa mbele ya wageni. Nilimfuata jikoni. Nilimkuta ameinama juu ya mafiga akichochea moto wa chai, na machozi yanamtoka, na si kwa moshi. Nikataka kumshika bega.

"Usifikiri nimefurahi," alisema. "Yule kijana nilimpenda. Shika vikombe, wageni hawajapewa kitu."